Ndege ya Dakika Ishirini

Kila Jumapili asubuhi, wiki ya shule ilipoanza, Mwalimu Wafula aliwapa wanafunzi wake swali la kuumiza kichwa. Jumapili hiyo, pale shuleni Riyadh, aliandika ubaoni:

"Ndege huondoka Lisbon saa nne asubuhi na kufika Madrid saa sita na dakika ishirini. Hurudi kutoka Madrid saa nane mchana na kufika Lisbon saa nane na dakika ishirini. Kwa nini?"

Kila dawati lingejibu kwa karatasi moja, na mwanafunzi atakayeeleza vizuri angekwenda na mwalimu Jeddah kwa ndege, pamoja na mwenzake mmoja atakayemchagua, kwenye shindano la shule. Fidel alikaa wima. Mama yake alikuwa muuguzi huko Jeddah, na hakuwa amemwona tangu likizo iliyopita.

Valentine, mwenzake wa dawati, alilisoma swali tena na tena asiambulie kitu. Kwenda zaidi ya saa mbili, kurudi dakika ishirini, na njia ni ile ile! Lakini Valentine angekubali kula chaki kuliko kusema hajui.

"Saa zao zinatofautiana," Fidel alinong'ona, akaandika hivyo.

"Zii! Mimi nimeenda Nairobi mara nyingi na saa yangu sijawahi kuigusa. Wewe umezaliwa hapa hapa, hujapanda ndege hata siku moja, utajuaje? Ni upepo, unaisukuma ikirudi. Halas, basi!"

Valentine akalifuta jibu la Fidel, akaandika lake, akapeleka karatasi mbele.

Usiku, nyumbani kwao mtaa wa Shumaisi, Valentine alifungua atlasi. Riyadh na Jeddah ziko mbali zaidi kuliko Lisbon na Madrid, na ndege huchukua karibu saa mbili. Sasa ni upepo gani ungeifikisha ndege Lisbon kwa dakika ishirini? Kichwa kilimzunguka.

"Mama, Lisbon ni saa ngapi sasa?"

Mama yake, Priscah, alitazama simu. "Saa kumi na moja jioni."

"Na Madrid?"

"Kumi na mbili."

"Na Nairobi?"

"Kama hapa tu, saa mbili usiku. Sisi tukienda nyumbani saa hazibadiliki, mwanangu. Kwingine ukishuka tu, unasogeza mshale wa saa."

Valentine aliona aibu mpaka chakula kikamshinda.

Kesho yake alisimama kabla majibu hayajasomwa. "Mwalimu, upepo ni jibu langu. Fidel alipata, nikamfutia. Nilikuwa nimechanganyikiwa, nikaona haya kusema."

Mwalimu akamwomba Fidel aeleze.

"Madrid wako mbele saa moja," Fidel alisema. "Safari ni saa moja na dakika ishirini, kwenda na kurudi."

"Umeshinda. Chagua wa kwenda naye."

Fidel alimgeukia mwenzake wa dawati. "Valentine. Lakini asishike kifutio."

Darasa zima likaangua kicheko, na Valentine naye akacheka huku machozi yanamtoka.

Ndani ya ndege Fidel aliziba masikio. "Vale, mbona yanauma?"

Valentine alifungua kinywa, akakifunga. "Sijui," alisema.

Mwalimu Wafula, aliyekaa nyuma yao, alitabasamu. "Hilo ndilo jibu lako bora mwaka huu. Ukisema hujui, nitakufundisha. Ukijifanya unajua, unampoteza na mwenzako. Kidogo tu Fidel amkose mama yake."

Jeddah, mama yake Fidel alikuwa akingoja amevaa sare yake ya kazi. Fidel alimkimbilia, begi akaliacha sakafuni. Valentine akaliokota.