Maneno ya Chini ya Picha

Kila Jumamosi asubuhi, kazi ya Chapchap ilikuwa kufagia sebule, kufuta vumbi na kupanga viti. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mbili, na jina hilo alilipata nyumbani kwa sababu hakuna kazi aliyoifanya taratibu. Mama yake alizoea kusema kwamba binti huyo akitumwa dukani, huondoka kabla hajaambiwa anunue nini.

Jumamosi hii alikuwa na sababu ya kufanya haraka zaidi. Dada yake mkubwa alikuwa amehitimu uuguzi katika mji wa mbali na kula kiapo cha kazi. Familia haikuweza kwenda, kwa hiyo alituma video ya sherehe. Baba yao, seremala, alikuwa amepoteza usikivu miaka miwili iliyopita baada ya kuugua homa kali. Yeye aliongea kama kawaida, ila watu walimjibu kwa kumwandikia kwenye daftari, na televisheni aliitazama kwa kusoma maneno yanayopita chini ya picha. Dada alilijua hilo. Alikaa siku kadhaa akiandika kila neno la sherehe chini ya video yake, ili baba asipitwe na kitu.

Wangeitazama saa kumi jioni, mjomba akiwepo.

Mama alipokwenda sokoni, Chapchap aliunganisha kompyuta na televisheni kwa waya ili ajaribu. Picha ilitokea, lakini kila upande kulikuwa na ukanda mweusi. Hakuupenda. Televisheni yote hii kubwa, halafu picha ikae katikati tu? Alichukua rimoti akabonyeza kitufe cha umbo la picha mpaka picha ikavimba. Weusi ulipungua, haukuisha. Akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, akabadilisha ukubwa wa skrini. Sasa picha ilijaa pembe hadi pembe. Alitazama sekunde tatu, akazima, akaenda kuosha vyombo.

"Televisheni iko tayari?" mama aliuliza aliporudi.

"Tayari kabisa, mama. Kazi imekwisha."

Saa kumi ilipofika, baba alikaa kiti cha mbele akiwa amevaa shati lake la kwenda kwenye harusi. Mjomba alikaa karibu naye, na mdogo wake Chapchap, mvulana wa miaka sita, alikaa sakafuni. Chapchap akawasha video.

"Mpwa wangu kanenepa hivi?" mjomba alishangaa. "Huko chuoni lazima wanapika vizuri."

Watu walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Uso wa dada ulikuwa mpana kama sinia, na kofia yake ilikatwa juu. Chini ya picha, maneno aliyoyaandika yalionekana vichwa tu, herufi zimekatwa viuno. Baba aliinama mbele. Akatoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Anasema nini?" aliuliza.

Mama alichukua daftari aandike, lakini dada aliongea haraka kuliko kalamu. Baba akaegemea kiti polepole, mikono magotini.

"Jamani, nani kachezea televisheni?" mama aliuliza.

Mdomo ukamtangulia Chapchap. "Labda ni huyu mdogo. Jana nilimwona na rimoti."

"Mimi sijagusa," mtoto alisema.

"Nenda nje ukacheze," mjomba alimwambia. Mtoto akatoka, kichwa chini.

Mama alimwita jirani yao, Mama Fundi, aliyekuwa akitengeneza redio na televisheni kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Alikuja na bisibisi mfukoni. Alitazama picha kidogo, akageuka.

"Nani aliigusa mara ya mwisho, na alibonyeza nini? Sikuja kugombeza mtu. Nataka kujua nianzie wapi."

Chapchap aliinama, akajifanya anaokota kitu sakafuni.

"Basi nitaibeba nikaifungue," alisema. "Niangalie ndani, kifaa kimoja baada ya kingine. Mtaipata wiki ijayo."

Chapchap alimtazama baba yake, ambaye hakujua hata linalozungumzwa. Alimtazama Mama Fundi akianza kuchomoa waya. Akasimama, akachukua daftari, akaandika: "Ni mimi niliyebadilisha picha. Nimemsingizia mdogo wangu." Akampa baba.

Baba alisoma kwa sauti kubwa, kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe. Kila mtu akasikia. Chapchap alitamani ardhi ipasuke, lakini hakukimbia. Alitoka nje, akamshika mdogo wake mkono, akamwambia, "Nisamehe. Nilikusingizia." Wakarudi ndani pamoja.

"Vizuri," Mama Fundi alisema, akirudisha waya mahali pake. "Sasa kazi ni ya dakika tano, na utaifanya wewe. Nionyeshe ulipoanzia."

Chapchap akamwonyesha kitufe cha rimoti.

"Hapo uliikuza picha. Ikikuzwa, kingo zake hutoka nje ya kioo, na maneno ya baba yako yako ukingoni. Irudishe ilivyokuwa."

Chapchap alibonyeza. Maneno yote yakapanda, yakasomeka. Lakini dada alikuwa bado mnene.

"Tazama ile saa ya ukutani nyuma yake," Mama Fundi alisema.

"Imekuwa kama yai."

"Saa ni duara. Ukiona yai, ujue picha imevutwa. Hiyo ni ya kompyuta."

Chapchap alifungua mipangilio, akasoma orodha yote mpaka mwisho, akachagua ukubwa ambao kompyuta yenyewe ilikuwa imeuandikia kwamba unapendekezwa. Saa ikawa duara. Uso wa dada ukarudi ulivyokuwa.

"Weusi wa pembeni umerudi," Chapchap alisema kwa wasiwasi.

"Uache. Kamera ya dada yako ilichukua picha nyembamba, televisheni ni pana. Ukilazimisha vilingane, utakata au utavuta. Kabla ya kubadilisha kitu, kumbuka kilivyokuwa. Na ukimaliza, kitazame chote, juu mpaka chini."

Wakaanza video upya. Dada alitokea amesimama wima, mkono umeinuliwa. Baba alisoma kila sentensi kwa sauti, na kiapo kilipokwisha alisoma mstari wa mwisho taratibu: "Baba, haya yote nimekuandikia wewe." Mama alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Mjomba aliomba irudiwe, ikarudiwa mara mbili.

Mama Fundi alipoaga, baba alimwita Chapchap akae karibu naye.

"Mwanangu, watu huniletea milango iliyokwama," alisema. "Anayeniambia aliulazimisha mlango, namtengenezea siku hiyohiyo. Anayeficha, nakata mbao mahali pasipo na kosa, na mlango unazidi kuharibika. Kukosea si aibu. Mimi hukosea kila wiki. Ila leo kosa lako ulimtwika mtoto mdogo, na hilo lilikuwa baya kuliko picha. Umelisema mwenyewe, kwa mkono wako, mbele ya watu. Endelea hivyo."

Chapchap alichukua daftari. Safari hii aliandika polepole, kila herufi ikikaa mahali pake: "Nimeelewa, baba."