Sauti ya Mouna Dirishani

Umeme ulikatika tangu alfajiri, jenereta ilikauka mafuta ya mazutu, na bado kompyuta ya Mouna ilikuwa ya moto kama tumbo la mutoto mwenye malaria. Aliigusa, akaondoa mkono, akanusa vidole. Vilinuka udongo mbichi, ule wa shimo linalochimbwa leo na kufukiwa leo.

"Papa Hubert," alimwita fundi wa jenereta, "hii mashine inakula nini?"

"Inakula akili yako, Mama. Funga mulango, iache ipoe."

Haikupoa.

Sasa, Mouna huyu hakuwa mwanamke wa kutishwa na chuma. Kalemie nzima, kuanzia bandarini mpaka stesheni, hakuna aliyepiga klavye ya kompyuta kama yeye; vidole vyake vilikimbia hata panya angeomba apumzike. Ndiyo maana amri ya wizara ilipofika hospitalini, kwamba fishi, zile kadi za karatasi za wagonjwa, zichomwe, kila mgonjwa aingizwe kwenye mashine, na asiye na namba asipewe hata kidonge, dokta Edmond alimkabidhi yeye ufunguo wa biro, ile ofisi ya mashine.

Shida ikawa majina. Watu wa ziwa wana desturi yao: mutoto akiugua, jina lake linafichwa. Anaitwa Mugeni mpaka apone, ili kile kinachopitapita kutafuta wagonjwa kisijue kimwite nani. Zamani wodi nzima ilikuwa Wageni watupu na hakuna aliyelalamika. Mashine ikalalamika. Mugeni wa kwanza ilimpokea. Wa pili ikamkataa, ikadai jina la kweli. Na mwaka ule vita vya mishale vilikuwa vinamwaga watu kutoka Niemba na Kiambi, kambi zimefurika, kipindupindu kinawafagia.

Mouna akafungua mdomo wake wa asali. "Mama wee, serikali itamutibu nani, Mugeni? Mugeni ni mutoto wa nani?" Akabembeleza, akatania, akayachomoa majina moja moja kama miiba ya samaki. Kisha, dawa ikiwa tayari, aliliita jina kupitia dirisha la biro linalotazama wodi, na sauti yake hiyo, jamani, ingeamsha meli iliyozama.

Mchana mmoja, upepo wa ziwa umetulia, Mouna alikuwa bombani ananawa aliposikia dirisha linaita: "Cédrick!"

"Niko!" mutoto akaitika wodini.

Mouna akasimama na maji kiganjani. Sauti ile iliyoita ilikuwa yake mwenyewe.

Kabla ya magharibi Cédrick akafa, naye alikuwa ameshaanza kucheka. Kesho yake sauti ikamwita Emilie, halafu Maliki, watoto waliokuwa wanapona, wote kwa sauti ya Mouna, na kila mara biro ilikuwa imefungwa na ufunguo umefundikwa kwenye pindo la kitenge chake. Mama yake Maliki alimtemea mate miguuni. "Mimi nilikupa jina la mwanangu. Wewe ulimupa nani?"

Mouna akamleta Papa Twahiri, anayewasomea wenye majini. Mzee akafukiza ubani ndani ya biro, akasoma mpaka kanzu ikalowa jasho. Moshi wote ukaingia kwenye mashine, haukutoka. Kisha mashine ikakohoa. Kikohozi cha Mouna.

"Sitakudanganya, binti yangu," mzee alinong'ona, tayari anakusanya vitu vyake. "Huyu hakuvunja mulango. Aliandaliwa meza. Bila jina ni kipofu, na ninyi mumemupa macho."

"Niivunje?"

"Utavunja sahani. Chakula kiko tumboni."

Haikupita wiki, kipindupindu kikaingia nyumbani kwa Mouna mwenyewe. Hidaya, binti yake wa pekee, mutoto wa adabu kupita umri wake, alinyauka kwa nusu siku, macho yakazama. Mouna alimbeba mgongoni mpaka hospitali.

"Serumu, dokta! Mutoto amekauka maji!"

"Namba, Mama Mouna." Edmond hakumtazama. "Bila namba farmasi haitoi. Si mimi, ni wizara."

"Dokta, unajua namna watoto wenye namba wanakufa hapa."

"Ninajua pia namna wanakufa bila serumu."

Akakaa mbele ya mashine. Joto lake lilimpiga usoni kama pumzi ya muntu. Akaweka vidole, na hapo, mwenye akili hafundishwi, akaandika Elodie. Elodie hakuwepo wodini, hakuwepo katika ukoo wao, hakuwepo popote. Mashine ikatoa namba. Serumu ikatundikwa. Asubuhi Hidaya akaomba uji, na Mouna akajipiga kifua: jini amepatikana! Na amwite huyo Elodie mpaka koo lipasuke!

"Sikia, mwanangu," akamnong'oneza. "Muntu akiita Hidaya, usiitike. Hata ukisikia njo mimi ninaita."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Ufunge mudomo kabisa."

"Ndiyo, Mama."

Mchana akavuka uwanja kwenda farmasi kuchukua chupa nyingine. Upepo ukaanguka.

"Elodie!" likaita dirisha.

Mouna akatabasamu.

"Elodie!"

Wodi nzima kina mama walikuwa wamewaziba watoto wao midomo. Ita, shetani, ita!

Lakini mara ya tatu ile sauti haikupaza tena, ilishuka, ikalainika, ikawa na uchovu kidogo, ile sauti ambayo Mouna huwa nayo nyumbani anapotafuta kitu na hakioni, "Elodie wangu, uko wapi, mbona sikuoni?", na Mouna akahisi mgongo wake umemwagiwa maji ya ziwa, akaiachia chupa ikapasuka, akakimbia, kiatu kimoja kikabaki mchangani, akataka kupiga kelele na kelele ikagoma, kwa sababu sauti yake ilikuwa kule dirishani inatumika, na kabla mguu wake haujagusa baraza akamsikia binti yake, aliyekatazwa kuitikia Hidaya na ambaye hakuna aliyemwita Hidaya, anajibu kwa upole kutoka kitandani, akimhurumia mama yake anayehangaika:

"Mama, Elodie hayuko huku. Niko mimi tu, Hidaya."

"Asante, mwanangu," ikasema sauti ya Mouna.