Nyuzi Tatu za Bernardine

Haya yalimpata rafiki yangu Doriane, mshonaji wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Jirani yake mtia rangi, marehemu Bernardine, alikuwa akikaza nyuzi tatu kwenye kila kitambaa kabla ya kukichovya katika buluu. Zikifunguliwa, zinabaki pete tatu nyeupe.

"Atakayesema kazi yangu ni yake, nitamufunga," alikuwa akisema.

Alipofariki, Doriane aliunga vitambaa vya Bernardine kuwa pambo la ukutani, akalipeleka mjini Mbarara kuliuza.

"Nani alitia rangi?" mnunuzi aliuliza.

"Ni mimi."

Aliporudi, mvua ilikuwa imetia nyumba giza. Akasikia uzi ukikazwa ndani ya ndoo ya rangi ya Bernardine, aliyoichukua pamoja na vitambaa: krr. Kisha krr, nyuma yake. Ya tatu ilikuwa sikioni.

Siku hizi hujifunga kitenge shingoni hata juani. Jana alinifunulia. Shingo yote ni buluu, isipokuwa pete tatu nyembamba.