Ugonjwa Tuliouita Utovu wa Adabu

Ndugu zangu, Yusto fundi wa mitumbwi hapa Kibara alikuwa mpole kupindukia. Jioni ungemkuta barazani akimsaidia mkewe Eufrasia kuchambua dagaa huku akiimba, nasi majirani tukimcheka kwamba ameolewa.

Siku moja mtumbwi uliteleza kwenye magogo ukamgonga kwenye paji la uso. Alizimia, akazinduka, akanywa uji, akarudi kazini. Baada ya miezi miwili alianza kuwashika viuno akina mama wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Kisha mama mkwe wake alipokuja kutoka Butiama, Yusto akamtamkia maneno ya chumbani. Kwetu hata kiti cha mkwe hakikaliwi.

Kaka yake, mzee Keraryo, akaita ukoo. "Asisalimiwe na mtu mpaka atoe mbuzi wa utakaso."

"Shemeji, huyu hakuwaga hivi," Eufrasia akalia. "Tumpeleke hospitali."

"Hospitali wanatibu adabu siku hizi?"

Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Mbuzi akachinjwa, tukamsalimia Yusto. Eufrasia alipoanza kupigwa akaomba kurudi kwao. Tukamwambia avumilie, kwani mume ameshatakaswa. Wiki hiyohiyo Yusto alimpiga kwa mchi, jicho la kushoto likapasuka.

Yusto alipoanguka akitetemeka mwili mzima, ndipo tukampeleka Musoma. Daktari akatuonyesha picha ya kichwa. "Damu imevuja siku nyingi, inabana ubongo hapa mbele. Breki ya hasira na tamaa iko hapa. Mlikuwa wapi?"

Tukatia sahihi karatasi za Yusto. Akapasuliwa, akapona.

Asubuhi ya kwanza nyumbani alimtazama mkewe. "Mama Boke, nani kakuumiza jicho?"

"Wewe," Eufrasia akasema, akaendelea kusugua sufuria.

Yusto alilia. Mkewe hakulia. Aliniambia hasikii chochote tena, si hasira wala huruma. Mwezi uliofuata alihamia kwa dada yake Bunda, na hakuna aliyethubutu kumwambia avumilie.

FUNZO

Mtu mzima akibadilika tabia ghafla, hasa baada ya kuumia kichwa, apelekwe hospitali kabla ya kuitiwa kikao. Ubongo huumia kama mguu unavyoumia, ila wenyewe hauchechemei tukauona. Na anayepigwa aondolewe siku hiyohiyo, awe mpigaji ni mgonjwa au mzima. Sisi tulitibu aibu ya ukoo. Mume tulimchelewesha, na mke hatukumtibu kabisa.