Magoti Nyuma ya Kiti

Asubuhi ya kwanza, kiti cha dereva kilikuwa kimesogea mbele jino moja la reli yake. Mtu mwingine asingegundua. Lakini mwenye gari alikuwa fundi wa meno ya bandia, na kwa miaka kumi na tisa mikono yake ilijua kwamba jino likizidi kwa unene wa unywele, mwenye kinywa hatafuni. Alipokaa, goti lake liligusa chini ya usukani mahali ambapo jana halikugusa. Akakirudisha kiti, akasema Bismillahi, akawasha gari.

Asubuhi ya pili kilikuwa kimesogea meno mawili. Ya tatu, kilikuwa kimefika mwisho wa reli, na mgongo wake umelalia usukani kama mtu aliyesukumwa kwa nyuma.

"Unachezea kiti cha gari?" alimuuliza binti yake.

"Funguo si unalala nazo mwenyewe, baba?"

Ni kweli. Alikuwa analala nazo chini ya mto, upande ambao zamani ulikuwa wa mke wake.

Gari hilo alilinunua mwezi wa tano baada ya mazishi. Lile la zamani, la milango minne, ndilo lililompeleka mke wake hospitali mara ya mwisho. Alikuwa amelazwa kiti cha nyuma, na mumewe akamtazama kwenye kioo njia nzima, mpaka ikafika mahali hakukuwa na wa kumtazama. Akaliuza. Hakutaka tena gari la kumlaza mtu nyuma. Kutoka nyumbani hadi maabara yake ya meno ni kilomita thelathini za foleni na matuta, na shule ya binti iko katikati ya njia. Watu wawili, viti viwili vya mbele, basi. Na tangu ujana alipenda gari dogo la kimichezo, lile la milango miwili lililolala chini kama paka anayenyemelea, lenye kiti kifinyu tu nyuma ambacho hukifikii mpaka ulaze cha mbele. Alijiambia kwamba Mungu hamkasirikii mjane wa kiume kwa kupenda kitu kimoja.

Alikwenda yadi ya magari na shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwanamke mwenye maneno.

"Shemeji, hili ni gari au kiatu?" alisema shemeji, akiinama kuchungulia ndani. "Siku mkinialika, mimi mtaniweka kwenye buti?"

Yalikuwapo matatu. Jeupe lilikuwa rahisi, lakini lilishtuka kila gia ilipobadilika. Jeusi lilinguruma vizuri, ila mwenye yadi mwenyewe alikiri kwamba mafuta linayanywa kama lina kiu ya mwezi mzima. La tatu lilikuwa la buluu, na fundi wa meno alilipenda kabla hajaligusa. Injini ya kawaida, vipuri vyake vinaingiliana na magari ya watu wote, tumbo halikwaruzi tuta. Alipima nafasi kati ya milango na bodi kwa kijiti chake cha kupimia meno. Alichovya kitambaa kwenye oili akainusa. Alipiga magoti chini ya gari akatazama kutu. Kitu kimoja tu hakukitazama: chini ya ngozi nyekundu, mpya, iliyoshonwa kwenye viti.

Mwenye yadi alikuwa na jina la utani, Kiyoyozi, kwa sababu kila gari alilouza alilisifia kiyoyozi kwanza.

"Lilikuwa la nani?" fundi wa meno aliuliza.

"Mwalimu wa kike, mtu mzima. Nyumbani, kazini, nyumbani. Hata honi hakuwahi kupiga."

"Limewahi kupata ajali? Niambie tu, kaka. Nitambeba mtoto humu."

Kiyoyozi akainua kidole juu. "Wallahi, wabillahi, halijapatwa na lolote."

Kidole kilekile anachokitolea shahada. Aliyefiwa hubaki na vitu vichache vya kushika, na kimojawapo ni kuamini kwamba mtu akimtaja Mola wake hadanganyi. Kiyoyozi alikitia mkono kitu hicho akakiondoa, huku akitabasamu.

Wiki ya pili, magoti yalianza.

Ilikuwa kwenye foleni, alfajiri, taa nyekundu za magari zikiwa zimepangana mbele. Kitu kilimgusa chini ya mgongo kupitia ngozi ya kiti. Vitu viwili, vigumu, sambamba. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha gari dogo lenye abiria nyuma anavijua. Ni magoti. Akatazama kwenye kioo. Hakukuwa na kitu, ila mkoba wa binti. Akasogea mbele. Magoti yakamfuata.

"Baba, mbona umekunja uso?"

"Mgongo tu."

Kisha ikaja harufu, na hiyo ndiyo iliyomfunga ulimi. Ilikuwa harufu ya dawa ya kuchua, ya kafuri, ambayo alimpaka mke wake miguuni kila usiku kwa miezi saba. Alijua anachopaswa kufanya. Alipaswa kusimama, kushuka, kusoma, kuliacha gari palepale. Badala yake alipunguza mwendo. Asubuhi hiyo na nyingine nyingi aliendesha polepole, magoti yakiwa mgongoni na harufu puani, na Mungu amsamehe, alifurahi.

Siku aliyofungua mlango akamkuta binti amekwisha kaa nyuma, ndipo alipoogopa.

"Rudi mbele."

"Huku kuna mama."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe." Binti alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. "Ananishika mkono. Mkono wake umelowa. Anasema nikae naye, watu wa mbele huwa wanatoka wanamwacha."

Mke wake hakuwahi kuachwa na mtu. Hilo fundi wa meno alilijua kama anavyojua jina lake. Alifia kwenye gari ambalo mumewe hakushuka mpaka walipomshusha kwa nguvu. Basi huyo aliyekaa nyuma, akivaa harufu ya marehemu kama nguo ya kuazima, alikuwa nani? Hapo hofu ikageuka hasira, na hasira ikawa kubwa kuliko hofu.

Alivuta kishikio cha kulaza kiti ili binti atoke. Kiti hakikulala. Akaenda mlango wa pili, akavuta kiti cha abiria. Hakikulala. Milango yote miwili ilikuwa wazi, jua limeanza kutoka, majirani wanafagia, na mtoto wake amekaa hatua moja kutoka kwenye mikono yake, ametulia, macho yameelekea pembeni kama anasimuliwa kitu kizuri, na kwenye soksi zake nyeupe maji yalikuwa yanapanda taratibu kutoka vidoleni kwenda kisiginoni, kutoka kisiginoni kwenda kwenye kifundo, ingawa sakafu ya gari ilikuwa kavu na mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uliopita.

Akampigia shemeji simu.

"Nyuma ya yadi ya Kiyoyozi kuna fundi wa kushona viti," shemeji alisema, na safari hii hakutania. "Wanamwita Ustadhi. Anasomea watu, wala hachukui kitu. Endesha, nakuja."

Aliendesha akiwa amejikunja juu ya usukani, kwa sababu magoti yalikuwa yanasukuma sasa, si kugusa. Yalisukuma kama ya mtu anayetafuta pa kutokea, na kiti kilitetemeka, na kutoka nyuma alisikia kucha zikikwaruza, kwaru, kwaru, kwaru, na sauti ya binti yake ikisema polepole, "Usilie mama, mimi sitoki," na alipotaka kusoma Ayatul Kursi, aya aliyoihifadhi akiwa na miaka sita, ulimi wake ulifika katikati ukarudi mwanzo, ukafika katikati ukarudi mwanzo, kama mtu anayepapasa chumba cha giza akitafuta mlango.

Ustadhi alikuwa mzee mwembamba mwenye pini mdomoni. Alipoliona gari la buluu linaingia, alizitoa pini moja moja akaziweka mezani. Fundi wa meno aliliona hilo, lakini hakulielewa wakati ule.

Ustadhi alisoma akiwa amesimama mlangoni, kiganja juu ya paa. Alisoma vizuri, kwa sauti ya kumfanya mtu alie. Maji yalifika kwenye magoti ya binti. Kisha kwenye kinywa cha mtoto ikatoka sauti isiyo yake, ya upole kabisa:

"Soma, Ustadhi. Soma. Lakini uzi huu ni wa nani?"

Mzee akaacha kusoma.

"Ana maana gani?" fundi wa meno aliuliza. "Ustadhi! Ana maana gani?"

Mzee alichukua wembe, akaingia kiti cha mbele, akauzungusha mkono nyuma ya kiti cha dereva, akaanza kufumua. Alifumua bila kutafuta mshono, maana aliujua. Ngozi nyekundu ikaanguka. Chini yake palikuwa na kitambaa cha kijivu, chenye madoa ya matope, na kwenye madoa hayo mikwaruzo, mingi, juu kwa chini, juu kwa chini, mpaka sifongo imetoka. Ukucha mmoja wenye rangi ya waridi ulikuwa bado umenasa.

"Ulijua," fundi wa meno alisema.

"Nilijua."

"Ulijua ukashona!"

"Gari lilitumbukia mtaroni siku ya mafuriko. Wa mbele wawili walitoka. Nyuma alikuwa binti wa watu. Hakuna aliyekumbuka kumlazia kiti." Mzee alikuwa analia. "Kiyoyozi aliniletea akasema, Ustadhi, funika. Nikafunika. Nikasema mimi ni fundi tu, mimi sijaapa."

Fundi wa meno alimkamata shingoni. Angemuumiza, na sisemi angekosea sana, kama shemeji asingeingia akimburuta Kiyoyozi kwa mkono wa shati, wateja watatu wakiwafuata kutazama ugomvi.

"Huyu hapa! Alikuwa anauza jeusi!"

"Marehemu harudi," Ustadhi alisema haraka, akihema. "Yule binti ana Mola wake, na mkeo vilevile. Huyu ni jini. Amekaa penye uongo, na mlango aliuingilia kwenye kiapo. Kisomo changu hakimtoi kwa sababu na mimi nimo. Mimi nimeshasema. Amebaki aliyeapa."

"Wazee mna visa," Kiyoyozi alicheka, akiwatazama wateja. "Gari safi kabisa hili. Wallahi..."

Alipotaja tu, mkanda wa kiti ukamkaza binti kifuani, ukakaza, na maji yakamfika shingoni, maji yasiyoonekana yanapotoka, yanayolowesha nguo bila kumwagika. Mteja mmoja alipiga kelele. Binti alifungua kinywa, na kilichotoka ni mapovu.

Fundi wa meno hakupaza sauti. Alimshika Kiyoyozi mkono wa kulia, akakikunja kile kidole, akakifunga ndani ya ngumi yake mwenyewe.

"Sema lilivyokuwa. Uwaambie hawa. Ukiapa tena mwanangu akafa, wallahi hutakiinua tena kidole hiki."

Kiyoyozi alimtazama mtoto. Jasho lilimtoka. Akasema, kwa sauti ndogo, mtaro, mafuriko, binti, matope aliyoyaosha kwa mpira siku tatu, mwalimu wa kike asiyekuwapo duniani. Alipofika mwisho, kishikio kilisikika, *tak*, na viti vyote viwili vikalala mbele vyenyewe, kwa adabu, kama watu wanaopisha njia. Kitu kilipita kati yao. Kila aliyekuwapo alilowa bega moja.

Baba alimtoa mtoto wake akampakata mikononi. Binti alikohoa, akavuta pumzi, kisha akaanza kumpiga ngumi za kifua.

"Umemfukuza mama! Umemfukuza! Nakuchukia!"

"Nipige," alisema. "Hakuwa mama. Mama angekwambia utoke." Na hapo, mbele ya watu, fundi wa meno akalia kilio ambacho hakukilia makaburini.

Gari la buluu hakuliuza. Walikuja wa kulitaka, na kila mmoja alimweleza yote, na kila mmoja aliondoka. Mwishowe lilikatwa vipande vya chuma. Alinunua la milango minne, zee, la rangi isiyo na jina. Shemeji hukaa nyuma na kulalamika njia nzima. Ustadhi hashoni tena viti vya magari. Binti alikaa wiki sita bila kumsemesha baba yake, kisha siku moja akamwomba ampeleke makaburini, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi aliomba maji ya kunywa.

Kiyoyozi alifunga yadi mwezi mzima, akafungua. Mwezi wa kwanza alisema kweli, na biashara ikawa ngumu. Wa pili, mteja mmoja, mama mwenye mimba, aliuliza kama gari la kijani limewahi kugongwa. Kiyoyozi alitazama kulia, akatazama kushoto. Akainua kidole.

Kesho yake alfajiri alifungua mlango wa gari lake mwenyewe, akakaa, na goti lake likagusa chini ya usukani mahali ambapo jana halikugusa.