Kibao Cheupe Kwenye Uzio wa Shule

Kila asubuhi Sabuni alimshika mkono mdogo wake, wakavuka barabara ya kituo kikuu cha mabasi hadi shuleni. Wenzake walimwita Sabuni kwa sababu hakuweza kukaa kwenye benchi kabla ya kulipangusa, na kama angeruhusiwa, angepiga deki hata ubao wa mwalimu. Mdogo wake alikuwa darasa la kwanza, mtundu mwenye maneno mengi, ila alisumbuliwa na pumu. Moshi ukizidi, maneno yote yalimwishia, akabaki kuhangaika na pumzi.

Mwaka huo kituo kilitakiwa kujengwa upya, kiwe na maduka ya ghorofa na lango jipya la kutokea mabasi. Shangazi yao alikuwa mtathmini wa mazingira. Kazi yake ilikuwa kupima mapema jinsi ujenzi huo ungeathiri hewa, maji na watu wa jirani. Aliwaomba wanafunzi wa klabu ya mazingira wamsaidie kutundika vibao vyeupe kuzunguka kituo. Vibao hivyo vilipakwa mafuta mazito ili vinase vumbi na masizi. Kile cha kwenye uzio wa shule alikabidhiwa Sabuni.

"Ondoa shaka, Shangazi," alisema. "Nitakilinda kama mboni ya jicho."

Alikilinda kweli! Siku ya pili tu kilijaa madoa meusi, na wapita njia wakawa wanakitazama. Sabuni aliona aibu. Watu wasije wakasema shule yao ni chafu! Akakipangusa kwa kitambaa, akakipaka mafuta mapya, kikang'aa. Tangu hapo alikisafisha kila jioni, na hakuna aliyemkanya, maana hakuna aliyemwona.

Vibao vilipokusanywa na kupimwa, wazazi walialikwa ukumbini kusikia matokeo. Mhandisi wa mradi alisimama mbele ya ramani, uso umejaa tabasamu.

"Upande wa shule una hewa safi kuliko kwingine kote," alisema. "Kwa hiyo ndio unaoweza kuhimili moshi zaidi. Lango la mabasi tutaliweka hapa, kando ya uzio."

Shangazi alikunja uso. "Hata mimi nimeshangaa, lakini ndivyo kipimo kinavyosema."

Sabuni aliikodolea macho ramani. Dirisha la darasa la kwanza lilikuwa hapohapo, karibu na uzio. Mabasi yote yangemtemea mdogo wake moshi usoni! Lakini akisema, angemwaibisha shangazi yake mbele ya ukumbi mzima. Mdogo wake, aliyepakatwa na mama yao, akakohoa.

Sabuni akasimama. "Shangazi, nisamehe. Kibao kile kilikuwa kinachafuka sana. Mimi ndiye niliyekuwa nakisafisha."

Ukumbi uliangua kicheko.

"Jamani!" mhandisi alishika kichwa. "Mtoto amepiga deki vipimo vyetu!"

Shangazi hakucheka. "Upande huu tunarudia kupima," alisema. "Na mlinzi wa kibao ni yuleyule."

"Yuleyule?" mama yao aliuliza.

"Yuleyule, wifi. Aliyesema ukweli mbele ya watu wote hawa hawezi kunidanganya."

Safari hii Sabuni alipita karibu na kibao akiwa amefumbata mikono nyuma. Wenzake walimtania, "Sabuni, kitambaa hiki hapa!" Madoa yale yalimwasha moyoni, lakini alijikaza. Hata mfagizi wa shule alipokuja na ndoo, alimfukuza kwa heshima zote.

Siku ya matokeo, kibao kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria. Mhandisi alikitazama, akakigeuza, akakitazama tena. Kisha akafuta lango kwenye ramani na kulichora ng'ambo ya kituo, upande wa maghala. Akakubali pia kwamba miti ya kando ya uzio isikatwe. Ukumbi ulilipuka kwa makofi na vigelegele.

"Dada yangu huyo!" mdogo wake alipiga kelele juu ya kiti. "Dada yangu!"

Sabuni alilia kwa furaha. Shangazi akamvuta kifuani.

"Kukosea tumekosea wote, mwanangu," alimwambia. "Hata mimi niliyesomea kazi hii nilipaswa kuja kukiangalia kibao mapema. Lakini kosa likifichwa halikomi, linakwenda kumuumiza mwingine, tena asiye na hatia. Wewe ulikubali kuchekwa ili mdogo wako apumue."