Diski ya Mzee Mbarouk

Kabati la studio lilikuwa wazi, na diski yenye albamu nzima ya bendi haikuwamo. Darini king'ora cha moshi, betri yake ikikata roho, kilitoa mlio mwembamba na mkali kila nusu dakika. Inspekta Moraa alitamani kukipiga kiatu.

Chini ya king'ora hicho aliketi Mzee Mbarouk, fundi aliyerekodi muziki hapa Saltley, Uingereza, kwa miaka thelathini na minne. Alikuwa na tabia ya kumkazia macho mdomoni kila aliyesema naye.

"Saa sita mchana nilikuwa jikoni," alisema. "Nikasikia kufuli la namba la mlango wa studio likibonyezwa: pi, pi, pi, pi. Namba hiyo tunaijua wawili tu, mimi na huyu."

Huyu alikuwa Jelagat, msaidizi wake, mikono ndani ya pingu. Kesi ya wizi ingemnyang'anya kibali chake cha kukaa Uingereza.

"Haki ya Mungu sijaigusa, madam."

"Alama za vidole kwenye kufuli?" Moraa alimuuliza askari.

"Za hao wawili tu, Inspekta."

King'ora kikalia. Askari akakunja uso, Jelagat akashtuka. Mzee hakupepesa hata ukope.

Moraa alingoja kilie tena. Kikalia; mzee akabaki vilevile. Alizunguka nyuma ya kiti cha mzee mpaka mlangoni, akabonyeza tarakimu nne. Pi, pi, pi, pi. Kisha akarudi mbele yake.

"Nimebonyeza mara ngapi, Mzee?"

"Umebonyeza nini, bibie?"

"Kufuli. Hatua mbili nyuma yako. Huko jikoni uliusikiaje mlio wake?"

Njia ya mwongo ni fupi. Mzee alinyoosha kidole pembeni mwa studio.

"Imo ndani ya ngoma kubwa," alisema. "Chini ya blanketi."

"Kwa nini?"

"Wiki iliyopita daktari aliniambia sauti za juu zimenitoka. Fundi asiyezisikia huziongeza, bibie, mpaka wimbo unachoma masikio. Ijumaa bendi nzima ingekuja kusikiliza. Wangejua Mbarouk ni kiziwi! Nilitaka diski ipotee tu. Nilipowaambia imepotea, wakaita polisi. Nikaogopa, nikamtaja huyu."

"Mtoto wa watu afungwe ili wewe ufiche masikio yako?" Hasira ilimpanda Moraa, wala hakuificha.

Askari akamfungua Jelagat pingu. Msichana alijisugua vifundo vya mikono, macho sakafuni, akasema kwa sauti ndogo:

"Albamu iko sawa. Miaka miwili sasa, kila ukienda nyumbani, mimi hubaki nikizishusha hizo sauti za juu. Sikutaka jina lako liharibike, Mzee."

Mzee Mbarouk alimgeukia Moraa.

"Amesemaje?"

Moraa aliinama mbele ya uso wake, akayarudia yote kwa sauti kubwa, neno kwa neno.